Bunduki ya Serikali na Haki ya Mja

Askari anayeteuliwa kumlinda kiongozi hukabidhiwa amana mbili kwa siku moja: silaha ya serikali, ambayo nambari yake na idadi ya risasi zake huandikwa daftarini kila inapotoka ghalani na kila inaporudi, na siri za mtu anayelindwa, ambazo haziandikwi popote. Amana ya kwanza ina daftari la kuidai; ya pili haina mdai ila dhamiri ya askari mwenyewe. Yeye ndiye ajuaye mkubwa wake hutoka saa ngapi, hupita njia gani, hulala nyumba ipi, na mkoba uliowekwa kiti cha nyuma umebeba nini. Na ujuzi huo ukiingia katika moyo wa hiana, hakuna komeo litakalofaa kitu.

Taifa letu limepata kuiona amana hiyo ikitunzwa kama ipasavyo. Alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, walipowaasi maafisa wao wa Kiingereza na kuingia mjini na bunduki, Peter Bwimbo, aliyekuwa mkuu wa walinzi wa Mwalimu Julius Nyerere, alimtoa Rais Ikulu pamoja na Makamu wake, Rashidi Kawawa, akawavusha maji mpaka Kigamboni, akawahifadhi huko katika saa ambazo neno moja la mahali walipo lingeweza kuuzwa kwa bei yoyote ambayo muuzaji angeitaja. Bwimbo hakuuza neno. Habari yenyewe aliieleza kwa urefu miaka hamsini na zaidi baadaye, katika kitabu chake Mlinzi Mkuu wa Mwalimu Nyerere, na kila kijana anayevaa sare ya ulinzi angefaidika kukisoma kabla ya kufundishwa kulenga shabaha.

Lakini makala haya yanamhusu mwingine, yule aliyepewa amana hizo akazivunja, kisha akataka kurudi kwa watu. Tumkadirie kijana wa Handeni, mtoto wa wakulima wa mahindi, katika nchi ya Wazigua ambako mvua ikikosa mwaka mmoja njaa huingia nyumbani bila ya kupiga hodi. Akaandikishwa polisi, akapelekwa chuoni Moshi, akahitimu. Akaonekana mrefu wa kimo na mfupi wa maneno, akachaguliwa kuwa mlinzi wa mkubwa. Miaka michache akala meza za wakubwa, akalala katika hoteli ambazo mshahara wake wa mwezi usingelipia siku mbili, akazoea kufunguliwa njia. Kisha mkubwa akatoka madarakani, na mlinzi akarudishwa kituo cha kawaida, kaunta yenye benchi la mbao na daftari la malalamiko, ilhali mazoea ya moyo hayakurudi pamoja naye. Hapo ndipo hutokea rafiki wa zamani mwenye maneno laini, ambaye hamwombi aibe. Humwomba tu amwazime bunduki kwa usiku mmoja, au amwambie gari la fedha hupita saa ngapi.

Sisemi hayo ili kumpunguzia dhima. Askari wengi wamerudi kutoka meza za wakubwa hadi kaunta za vijijini wasiguse cha mtu. Nasema ili ifahamike kwamba mwanguko wa namna hii aghalabu huanza na jambo dogo ambalo mtendaji wake halihesabu kuwa uhalifu, na kwamba jeshi linalomfundisha mtu silaha na kumzoesha jaha, kisha likamrudisha chini bila ya kumtazama tena, limeacha mlango bila ya bawabu. Madhara ya askari kuvunja amana tumeyaona kwa macho. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva mmoja wa teksi walikamatwa na polisi Dar es Salaam, wakauawa. Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, kesi ikazunguka mahakamani, na Septemba 2016, baada ya zaidi ya miaka kumi, Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja wa polisi na kumhukumu kunyongwa. Raia akiuawa na jambazi, jamaa zake hulilia msiba; akiuawa na aliyemkimbilia, hulilia msiba na nchi pia.

Sheria, kwa upande wake, haina huruma na silaha. Askari aliyetuhumiwa kwanza hushitakiwa ndani ya jeshi, akafukuzwa, ndipo akapelekwa mahakama ya kiraia akiwa mtu kama watu. Na kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii hakimu nafasi ya kushuka chini ya miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Wazee wataikumbuka pia Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963, iliyotaka mfungwa achapwe viboko 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka, ili mkewe, kama ilivyosemwa siku hizo, aone. Parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1994, imewafungia mlango wanyang'anyi wa silaha, na katika misamaha ya sikukuu za taifa mara nyingi jina la kosa hili husomwa katika orodha ya wasiohusika, hata pale msamaha wenyewe ulipokuwa mkubwa kama ule wa tarehe 9 Desemba 2017, uliowagusa wafungwa 8,157. Kinachobaki ni ile theluthi ambayo kwa kawaida Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 humpunguzia mwenye mwenendo mwema. Theluthi ya 30 ni 10. Aliyeingia na umri wa miaka 35 hutoka na 55.

Ndani ya kuta, aliyekuwa askari hufungwa mara mbili, maana miongoni mwa wafungwa wenzake wamo aliowakamata kwa mkono wake. Hutokea pia aletwe Moshi, mji ule ule alikojifunza gwaride, katika gereza la Karanga ambalo viatu vyake vya ngozi vinajulikana nchi nzima. Na mtu ambaye kiatu chake kilipigwa rangi na mwingine akaketi kwenye kigoda, akavuta uzi kwenye soli, tundu baada ya tundu, akijua kwamba mguu utakaovaa kiatu hicho huenda ukawa wa kuruta. Polisi na magereza vilikuwa idara moja mpaka mwaka 1931 vilipotenganishwa. Kwa mtu huyu vimeungana tena.

Halafu mlango unafunguliwa. Aliyefungwa mwaka 2003 akatoka 2023 alishuka Korogwe katika mji ambao njia zake anazijua na mambo yake hayajui: treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, ambayo kwake ilikuwa hadithi, ilikuwa imerudi tangu Desemba 2019, fedha zinatumwa kwa simu, mabasi yanaruhusiwa tena kutembea usiku, na akivuka kwenda Handeni, kijiji cha Msomera kimejaa jamaa wa Kimasai waliohamia kutoka Ngorongoro tangu mwaka 2022. Wazazi wamezikwa. Kazi ya bunduki, ambayo ndiyo pekee aliyosomea, hapewi hata ya kulinda ghala la mahindi. Hapo mashamba ya mkonge hubaki kuwa mwajiri asiyeuliza mengi: mkataji huondoa kwanza mwiba mkali ulio nchani mwa jani, huligeuza panga na kulikata jani shinani, akahesabu majani 30, akafunga mzigo, akaanza mwingine, na jioni msimamizi huandika mizigo, haandiki historia ya aliyeifunga.

Watu wetu wanapenda sana habari za mwovu aliyeongoka, nami pia nazipenda. Kenya inaye John Kiriamiti, ambaye hakuwa askari. Alikuwa kijana aliyefukuzwa shule akawa mnyang'anyi, akahukumiwa mwaka 1971 kifungo cha miaka 20, akatoka mwaka 1984, na mwaka huo huo kitabu chake, My Life in Crime, kikachapishwa na kusomwa na vijana kwa maelfu. Katika makanisa na misikiti yetu kadhalika husimama watu wakatoa ushuhuda, umati ukabubujika machozi. Lakini mara nyingi katika hadhara hizo mtu mmoja hayupo, naye ndiye mwenye haki: mwenye duka aliyepokonywa mtaji, kondakta aliyepigwa kitako cha bunduki akabaki na jicho moja, mjane wa dereva. Hakuna aliyekwenda kumwalika. Yeye husikiliza toba ya dhalimu wake kwa redio, na dhalimu hushangiliwa kabla mdhulumiwa hajaulizwa neno.

Dini zetu mbili hazikuridhia jambo hilo. Wanazuoni wa Kiislamu wamesema toba ya kosa lililo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu, kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia; lakini kosa likigusa haki ya mja mwenziwe huongezwa la nne, kumrudishia haki yake au kutaka radhi yake, na pasipo hilo matatu ya kwanza hayamtoshi. Na katika Injili ya Luka, Zakayo mtoza ushuru hasimuliwi kulia. Alisema ikiwa amemnyang'anya mtu kitu, atamrudishia mara nne.

Nchi ya Handeni na Usambaa, ya milima na nyika, ina ushahidi wake pia. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa liwali wa Tanga zama za Wadachi, aliandika katika Habari za Wakilindi jinsi Mbega, mwindaji wa Ngulu aliyefukuzwa na jamaa zake, alivyokaa Kilindi, akatoka kuwinda nguruwe na mtoto wa mkubwa wa huko, mtoto akauawa na nguruwe, Mbega akakimbia kwa khofu. Alipofika Usambaa alipokewa kwa nyama aliyowagawia watu na kwa wanyama waharibifu aliowaua, hata Vuga wakamfanya mtawala. Na kizazi chake chote kikaitwa Wakilindi, jina la mahali alipomwacha rafiki maiti. Mbega hakumuua kijana yule, wala hakuwa mhalifu. Na bado deni lake alilifanya jina la watoto wake.

Serikali nayo ina chombo, ila haikitumii vya kutosha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, kifungu cha 348, humruhusu hakimu anayetia mtu hatiani kuamuru alipe fidia kwa aliyedhurika. Amri hiyo ikitoka, mfungwa huenda gerezani miaka ishirini bila ya mali, na mdai huachwa aifuatilie mwenyewe kwa nauli yake. Ingefaa amri hiyo imsubiri mlangoni siku ya kutoka, ipokewe na serikali ya kijiji anakorudi, igawanywe kwa kadiri ya kazi atakayopata, iwe ya mkonge au ya kushona viatu, na ilipwe kidogo kidogo mbele ya mashahidi, mwenye haki akiwapo ikiwa yuko tayari kumwona, au mjumbe wake ikiwa hataki. Ikiwa mwenye haki amekufa, hulipwa warithi wake. Na ikiwa warithi hawapatikani, fatwa ya wanazuoni ni kwamba mali hiyo hutolewa sadaka kwa niaba ya aliyedhulumiwa, thawabu ikawa yake yeye, si ya mtoaji.