Je, Wajua? Kunazi Hulishinda Chungwa

Gramu kwa gramu, kunazi iliyotoka kuchumwa ina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Huko Rajasthan, India, kwenye ukame mkali, wakulima hupandikiza aina bora juu ya mashina ya mkunazi mwitu. Kati ya aina hizo, Gola huwahi kuiva: ni ya duara, tamu, imejaa maji, ila haikai sana. Seb hufuata. Umran huja mwisho, na ndiyo ya kustaajabisha: ndefu kama yai, rangi ya dhahabu, kubwa mara kadhaa kuliko kunazi za porini, tena huvumilia safari ya sokoni. Lakini ichumwe mapema! Ikigeuka kahawia, ubora umeshashuka.

Kiangazi kikichoma, mti hupukutisha majani na kulala. Mvua ikinyesha huchipua, na matunda hunenepa kwa unyevu uliobaki ardhini.