Injini za Datsun Z na Mafunzo Yake kwa Dereva wa Serikali

Dereva wa jeshi au wa polisi atokaye Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, anazijua taabu za safari hiyo. Barabara za ndani ya makazi hujaa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Gari likizimika huko, mgonjwa hucheleweshwa na doria huvunjika. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza habari za gari moja lililopata sifa katika barabara za namna hiyo, na jinsi injini zake zilivyobadilika.

Mashindano ya magari ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo yalipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 ushindi ulichukuliwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa na Datsun 240Z, gari la mbio la milango miwili kutoka Japani. Mwaka 1973 gari la aina hiyo lilishinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyefuatana na Lofty Drews. Mehta alilingana alama na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, hata ikabidi kanuni za mashindano ziamue mshindi. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun za aina nyingine.

Kutoka kabureta hadi tabo

Injini ya 240Z ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa lita 2.4 na kabureta mbili. Nguvu zake zilikuwa takriban farasi 150. Ubora wake ulikuwa wepesi wa kutengenezeka: fundi mwenye spana na macho makini aliweza kuitambua kasoro na kuiondoa kando ya njia.

Mwaka 1974 ilikuja 260Z yenye lita 2.6. Mwaka uliofuata, katika 280Z ya lita 2.8 iliyouzwa Marekani, kabureta ziliondolewa; petroli ikanyunyizwa kwa kipimo kilichoongozwa na umeme. Mwaka 1981 iliongezwa tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Mwaka 1983, katika 300ZX, silinda sita ziligawanywa pande mbili kwa umbo la herufi V, na mwaka 1989 tabo mbili zikaleta nguvu za farasi 300.

Kisha watengenezaji waliacha tabo na kuongeza ujazo: lita 3.5 mwaka 2002, lita 3.7 mwaka 2008. Lakini gari la Z lililoanza kuuzwa mwaka 2022 lilirudi kwenye lita 3 na tabo mbili, na nguvu zake ni farasi 400. Hivyo injini imepata nguvu nyingi bila kuwa kubwa sana.

Wajibu wa dereva

Nguvu hizo zina gharama. Magari mengi ya doria ya siku hizi yana tabo vilevile, ingawa hutumia dizeli. Tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hulainishwa na oili ileile ya injini. Oili chafu huiua. Chujio la hewa lililopasuka hupitisha vumbi ambalo husaga silinda na mapanga ya tabo.

Basi kabla ya kuondoka Mbarara, pima oili na maji, kagua chujio la hewa, tazama mikanda. Ukifika Nakivale baada ya mwendo mzito, usizime injini mara moja; iache ingurume polepole dakika moja au mbili ili tabo ipoe. Kabureta ya 1971 ilimsamehe dereva mzembe. Tabo ya leo haimsamehi, na raia anayengoja msaada ndiye atakayeumia.