Gemu Kongwe Bado Lina Nafasi Digodigo?

Free Fire lilitoka mwishoni mwa mwaka 2017. Kwa magemu ya simu huo ni uzee. Mengi hayadumu hivyo. Mwaka 2021 wenye nalo, kampuni ya Sea ya Singapore, walitangaza kwamba katika siku ya kilele lilichezwa na watu zaidi ya milioni 150. Halafu likashuka. India ililipiga marufuku Februari 2022, watoto wakarudi madarasani baada ya korona, na wapo walioanza kulisomea hitima. Mwanzoni mwa 2024 kampuni hiyohiyo ikasema limevuka tena milioni 100 kwa siku. Sioni namna ya kufika huko kwa wakongwe waliorejea tu. Lazima humo wamo watoto waliokuwa darasa la pili gemu lilipotoka, ambao sasa wana simu.

Nimelitaja kwa sababu swali la gemu kuukuu na wachezaji wapya lina jibu jingine ukilisogeza hadi Digodigo. Hii ni kata ya tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, nchi ya Wasonjo na mifereji yao ya kumwagilia mashamba, jirani na Samunge ile iliyojulikana nchi nzima mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa cha mzee aliyeitwa Babu. Maeneo ya pembezoni namna hii ndiyo yanayolengwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao mwaka 2023 ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Mnara ukisimama, simu zinazofuata si zile za kwenye matangazo. Ni simu za bei ya chini, nyingine zimeshapita mikononi mwa kaka mtu, nafasi imejaa picha na nyimbo, na bando ni la kuhesabu.

Hapo uzee wa gemu huanza kuwa na faida. Gemu lililoundwa kwa simu za kawaida za 2017 linaikubali simu hafifu ya leo. Bando nalo halimaliziki upesi kama watu wanavyodhani. Picha za kisiwa, nyumba na bunduki zimeshakaa ndani ya simu tangu siku ya kupakua. Wakati wa mechi kinachopita hewani ni taarifa fupi tu: fulani yuko hapa, anaelekea kule, amefyatua. Mechi ya dakika kumi hula MB chache, ilhali kuitazama mechi hiyohiyo kwa video kunakula mara nyingi zaidi. Kinachouma ni kupakua na masasisho, na huko ndiko magemu makongwe hujimaliza yenyewe. Kila msimu huongezwa ramani, mavazi na madoido ya kushangilia, mpaka gemu lililokuwa jepesi linaikataa simu iliyolibeba mwaka juzi. Mwaka 2021 wenye Free Fire walitoa toleo la picha kali, Free Fire MAX, lakini lile jepesi hawakulifuta, na wachezaji wa matoleo yote mawili wakaendelea kukutana katika mechi moja. Uamuzi huo naupa uzito kuliko matangazo yote waliyowahi kulipia.

Kuna suala la umbali pia. Mwanga ndani ya mkongo wa faiba husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, yaani kila kilomita 1,000 hula milisekunde tano kwenda na tano kurudi. Seva ikiwa Ulaya, njia ya baharini kutoka pwani yetu ni maelfu ya kilomita, kwa hiyo hata mitambo iwe mizuri vipi, makumi ya milisekunde yameshaondoka kabla hujahesabu safari ya kutoka kijijini hadi pwani. Wanaocheza wanaijua hali hiyo: unapiga risasi, adui keshahama. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Watanzania wengi walikosa hata ujumbe wa WhatsApp, sembuse mechi.

Lakini simu ikikubali na mtandao ukishika, bado mgeni hajavuka. Kizuizi kikubwa ni nani atakayekutana naye mechi ya kwanza.

Gemu la wengi halichezwi na watu walio humo wote kwa pamoja, linawagawa. Kwanza kwa kanda, ili umbali usiwe mkubwa. Pili kwa aina ya mechi. Tatu kwa uwezo, kwa hesabu za ukoo mmoja na zile alizobuni Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, kwa ajili ya sataranji: ukimshinda aliye juu yako unapanda sana, ukimshinda aliye chini unapanda kidogo. Sasa chukua gemu lenye watu 6,000 usiku huu, idadi ambayo kwa macho si haba. Wagawe kwa kanda nne, wanabaki 1,500. Gawa kwa aina tatu za mechi, wanabaki 500. Gawa kwa madaraja kumi ya uwezo, wamebaki 50, watu wa mechi moja ya Free Fire. Na huo ni mgawanyo wa usawa, ambao haupo. Katika gemu kongwe madaraja ya juu yamejaa, ya chini yana watu wa kuhesabika. Mfumo una njia mbili tu: kumweka mgeni asubiri mpaka achoke, au kumtupa kwa wakali. Anakufa sekunde ya ishirini, mara tatu mfululizo, kisha analifuta gemu ili apate nafasi ya nyimbo. Kwenye takwimu ameshahesabiwa kuwa mchezaji mpya, na ndiyo maana idadi ya wanaopakua hainishawishi kitu.

Dawa moja ni roboti. Wenye gemu la Fortnite walitangaza wazi mwaka 2019 kwamba wataingiza wapinzani wa kompyuta, ili asiyejua apate watu wa kupambana nao. Wakongwe hulalamika kwamba huo ni ushindi wa bandia. Na walalamike, wao walijifunza wakati kila mtu alikuwa hajui, bahati ambayo mtoto wa leo hawezi kuipata.

Wachezaji wa bao walilitatua tatizo hili bila kompyuta. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mtu huanza akiwa na kete 22 ghalani za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja kila zamu, jambo linalomvuruga anayeanza. Kwa hiyo lipo bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, hakuna ghala, mnaingia moja kwa moja kwenye mtaji, hatua ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Ubao ni uleule na kete zilezile. Mtoto halazimiki kukutana na fundi katika kunamua siku yake ya kwanza.

Ushahidi kwamba umri si kifungo upo. Final Fantasy XIV lilitoka 2010 likiwa bovu, likafumuliwa na kurudi 2013 chini ya Naoki Yoshida. Desemba 2021 waliolitengeneza walisimamisha kuliuza kwa muda kwa sababu seva zilifurika. Walikuwa wameshaufungua mwanzo wake mrefu bila malipo, na mgeni huonekana kwa alama maalumu ili wenyeji wamsaidie. Mfano wa upande wa pili ni EVE Online la 2003. Humo ujuzi wa rubani uliongezeka kwa kalenda, si kwa bidii, na kwa miaka zaidi ya kumi aliyechelewa kuingia ilimwia vigumu kumfikia aliyetangulia. Mlango wa kununua ujuzi huo ulifunguliwa 2016, na ni mlango wa wenye pesa.

Kwa hiyo ningemshauri kijana wa Digodigo achague gemu gani? Kwa hesabu za mitambo peke yake ningemwambia RuneScape, lililoanza Januari 2001 enzi za modemu za simu ya mezani. Mwaka 2013 wachezaji walipiga kura warudishiwe gemu kama lilivyokuwa 2007, na toleo hilo likaingia kwenye simu mwaka 2018. Dunia yake hupiga hatua moja kila sekunde 0.6, hivyo uchelewaji wa milisekunde 200, ambao katika gemu la risasi ni kifo, humo hausumbui sana. Halihitaji simu ya kifahari. Tatizo ni kwamba ni gemu la kusoma: kazi unazopewa, maelekezo, mizaha, na hakuna hata mstari wa Kiswahili, tena sehemu kubwa iko nyuma ya ada ya kila mwezi. Free Fire unaweza kulicheza bila kumaliza kusoma sentensi moja, na sidhani kama anayemaliza darasa la saba Digodigo mwaka huu atamwomba mtu ushauri kabla ya kulipakua.