Kuanguka wakati gari limesimama

Muulize shofere wa gari kubwa anaogopa nini kwenye barabara ya kitaifa namba 4, kati ya Kasindi na Beni. Atataja breki, watu wenye silaha, pikipiki zinazokata mbele yake. Ngazi ya kabini hataitaja. Lakini hapo pia watu wanavunjika, moteri imezimwa, gari liko kwenye foleni ya duane.

Kabini iko juu, zaidi ya mita moja. Mutu amekaa saa nyingi, miguu imekufa ganzi, na sasa anaitwa alete makaratasi. Anafungua mulango, anaruka. Goti na kifundo cha muguu vinapokea nguvu inayopita mara kadhaa uzito wa mwili, na chini kuna jiwe, tope ao mazuti iliyomwagika.

Kushuka kunafanywa kama kupanda: uso kwa gari, mugongo nje. Mikono miwili na muguu mumoja vinashika, ao miguu miwili na mukono mumoja. Kimoja tu ndicho kinasogea. Kwa hiyo simu na makaratasi haviwezi kuwa mukononi. Viache kwenye kiti, shuka, kisha uvichukue ukiwa chini. Usukani usishikwe, maana unazunguka. Kuna chuma cha pembeni. Kama kilikatika zamani, patroni alipe fundi akichomelee. Ni bei ndogo kuliko muguu wa mutu.

Kambambili nayo ni adui. Ikilowa inateleza, ao inabaki kwenye ngazi na muguu unaenda peke yake. Kiatu kinachofunga kisigino, chenye soli yenye meno, kinafaa zaidi hata kama kuna joto.

Konvuayeri ndiye yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na ndiye husahauliwa. Anatembea juu ya bashi yenye maji, usiku, anakaza kamba akiwa ukingoni. Kamba ikikatika anaenda kinyumenyume. Kamba ivutwe kutoka chini kila inapowezekana, na mvua ikinyesha muzigo ungoje.

Aliyeanguka toka juu, akilia shingo ao mugongo, ao hasikii miguu, asiinuliwe kwa mikono wala kuketishwa kwenye moto katikati ya watu wawili. Hapo ndipo mifupa iliyopasuka inaweza kuumiza uti wa mugongo. Mutu mumoja atulize kichwa chake, mwingine amufunike, wengine watafute ubao mupana wa kumubeba akiwa amelala sawa.