Bula Matari Hajaondoka

Watu husema: Wabelgiji walituachia inchi siku ya 30 Juni 1960, basi ukoloni umekwisha. Tuangalie vizuri. Zamani zao mwanakijiji alilazimishwa kulima pamba, aliyekataa alifungwa. Mwaka 1971 Mobutu aliita inchi Zaire, na mwaka 1972 akakataza majina ya kizungu ya ubatizo, akisema anarudisha desturi za wakubwa wetu. Lakini salongo, kazi ya lazima pasipo mshahara, ilifuata njia ile ile ya pamba. Jina lilikuwa la kwetu, amri ilikuwa ya Bula Matari. Basi urithi mbaya ni huu: kutawala watu bila kuwauliza. Nasi tujichunguze: katika misioni zetu tunashauriana na wakristu, ao tunaamuru tu?