Malazi ya Mtoto katika Nchi ya Joto

Mzazi aingiapo katika duka la magodoro mjini Garissa kumtafutia malazi mtoto mchanga, aghalabu huongozwa na huruma yake. Na huruma hiyo humwelekeza kwenye godoro nene kuliko yote na laini kuliko yote, lenye kitambaa cha maua kilichofunikwa kwa nailoni ing'aayo, naye huamini kwamba kadiri kiganja chake kinavyozama katika sponji ndivyo mwanawe atakavyostarehe. Nami nawasihi wazazi wachague kinyume chake, kwani kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja ulaini huo si raha bali ni hatari.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake, na shingo yake haijapata nguvu. Akigeuka kifudifudi juu ya godoro linalobonyea, uso wake huzama, naye huivuta tena na tena pumzi ileile aliyokwisha kuitoa, wala hana uwezo wa kujinasua. Kwa muda mrefu madaktari wa Ulaya na Marekani walitaabishwa na vifo vya watoto waliolazwa wakiwa wazima na kukutwa alfajiri wamefariki, hata ilipobainika kwamba kulazwa kifudifudi na malazi laini ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyohusika; ndipo Uingereza mnamo 1991, na Marekani mnamo 1994, zilipoanza kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na huko Marekani vifo hivyo vikapungua kwa takriban nusu katika muda wa miaka kumi. Joto la kupita kiasi nalo limehesabiwa katika hatari hizo, na sisi tunaoishi katika mji ambao jua la Februari na Machi hupandisha joto kupita nyuzi 35, na kuta za mabati hupata moto mkali mchana, tuna sababu zaidi ya kulizingatia jambo hili.

Wafugaji wa nchi hii walikuwa na jawabu lao zamani. Katika nyumba ya herio, ile ambayo akina mama huijenga na kuibomoa wenyewe na kuipakia juu ya ngamia, kitanda ni fito zilizopangwa juu ya vigingi vyenye panda, na juu ya fito hutandikwa mikeka na ngozi. Ni malazi magumu, tambarare, yapitishayo hewa kutoka chini. Sisemi kwamba mkazi wa mtaa wa Bulla Iftin hapa Garissa arejee kwenye fito na ngozi. Nasema kwamba godoro lolote la mtoto mchanga lipimwe kwa sifa hizo tatu, na likipungukiwa na mojawapo liachwe dukani.

Ama sponji yenyewe, asili yake ni Ujerumani, ambako mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake waligundua kemikali ya poliurethani, ambayo baadaye iliumuliwa ikawa povu lenye vijitundu vya hewa visivyo na idadi. Sponji hafifu ni ile yenye hewa nyingi na maada kidogo, na hiyo baada ya miezi michache hufanya shimo pale alalapo mtoto. Kwa hiyo mnunuzi wa Soko Mugdi, akiwekewa magodoro mawili ya ukubwa mmoja, na ayanyanyue yote mawili, kwani aghalabu lililo zito ndilo lililoshiba. Lakini uzito peke yake hautoshi, maana ipo sponji ambayo wauzaji huisifu kuwa ni hai-densiti ilhali ni laini kama mto. Basi alikandamize kwa kiganja, katikati kisha pembezoni, akitulia kidogo, na aondoapo mkono sponji irudi papo hapo bila kuacha alama. Unene wa inchi nne unamtosha mtoto mchanga. Likiwekwa kitandani lijae sawasawa, wala kati yake na ubao pasipite zaidi ya vidole viwili, kwa kuwa katika mwanya mpana zaidi kichwa cha mtoto huweza kukwama; na kama hakuna saizi inayolingana, mafundi wa sponji hukata kwa kipimo.

Nailoni ya dukani iondolewe siku hiyohiyo, kwa kuwa huzuia hewa na kumtosa mtoto katika jasho, na mahali pake pavutwe shuka ya pamba iliyokazwa barabara. Kwa ajili ya mkojo panatosha kipande chembamba cha mpira chini ya shuka. Mto hauna kazi hapo, wala wale wanasesere wa manyoya. Godoro lililolowa lianikwe penye upepo na kivuli, maana jua letu likipiga sponji siku nyingi huifanya iwe manjano na kumomonyoka.

Kitanda kiinuliwe kutoka ardhini, si kwa ajili ya nge tu, bali pia kwa ajili ya usubi. Katika mlipuko wa maradhi ya kalaazar wa 2000 na 2001 uliozikumba Wajir na Mandera, watoto wengi waliugua, na mdudu anayeeneza maradhi hayo ni huyo usubi, ambaye hupenda kujificha katika vichuguu; ni mdogo kuliko mbu na hupenya tundu za chandarua cha kawaida, kwa hiyo chandarua cha mtoto kiwe chenye dawa na kikunjiwe vizuri chini ya godoro.

Limebaki suala la mafuriko. Maji ya mwisho wa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliingia katika nyumba nyingi kandokando ya mto Tana, na magodoro mengi yaliyozama yalianikwa yakatumika tena. Godoro la namna hiyo hukauka juu, lakini ndani hubaki na unyevu, uchafu wa vyoo na ukungu unaodhuru mapafu, na hakuna jua wala sabuni inayofika huko. Mtoto asilazwe juu yake. Mkeka mkavu uliotandikwa juu ya kitanda cha mbao, na shuka safi iliyokazwa juu yake, ni malazi bora kwake hata zipatikane fedha za godoro jipya.