Walipaa, wakatoweka: Stori ambazo shosho anazo na gemu lako halina

KAMA umewahi kuketi kwenye kibanda cha gemu pale Lucky Summer ukisubiri zamu yako, hii stori unaijua. Hapo kale kulikuwa na watu wenye mbawa. Walijenga miji juu ya mawingu, wakajua mambo ambayo sisi wa chini hatuyajui, kisha siku moja wakatoweka. Kilichobaki ni magofu, na kazi yako wewe mchezaji ni kuokota vipande hadi ujue kilichowapata.

Stori tamu, hakuna ubishi. Lakini ukiambiwa utaje binadamu aliyepaa, mbona akili inakimbilia Japani na Marekani? Kuna mmoja aliyepaa hapo Uganda tu, mwendo wa basi la usiku kutoka katikati ya jiji.

Mpiganaji wa mawinguni

Anaitwa Kibuuka. Waganda husimulia kwamba Kabaka Nakibinge, anayekadiriwa kutawala katika karne ya 16, alikuwa amelemewa na jeshi la Bunyoro. Akatuma watu visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria, kuomba msaada. Akaletewa Kibuuka, nduguye Mukasa, yule mungu wa ziwa.

Vita vilipoanza, Kibuuka hakujipanga na wenzake. Alipaa, akajificha ndani ya wingu, akawamiminia maadui mishale kutoka juu. Hebu jiweke kwenye viatu vya askari wa Bunyoro siku hiyo. Ngao umeishika mbele ya kifua, mishale inakujia utosini, na ukiinua macho huoni mtu.

Kabla aondoke kwao, alikuwa amepewa masharti. Adui asijue mahali anapopigania, na asijihusishe na wanawake wa Bunyoro. Unajua tayari kilichofuata. Miongoni mwa mateka kulikuwa na mwanamke mmoja, Kibuuka akamtaka. Huyo dada akamchunguza kimya kimya, akaigundua siri, akatoroka na kurudi kwao na ujumbe mfupi: lengeni wingu.

Wakalenga. Kibuuka akajeruhiwa, akaangukia mti huko Mbaale, eneo la Mawokota, akafa. Nakibinge naye aliuawa katika vita hivyo.

Henry Morton Stanley, aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875, aliisikia stori hii na kuiweka katika kitabu chake cha 1878, Through the Dark Continent. Humo mpiganaji anaitwa Kibaga, na silaha yake ni mawe anayoyaangusha kutoka angani. Jina na silaha vimebadilika kulingana na msimulizi, ila siri iliyovujishwa na mwanamke aliyetekwa iko pale pale.

Aliposafirishwa ng'ambo

Baada ya kufa, Kibuuka alikuwa mungu wa vita wa Baganda. Alijengewa hekalu hapo Mbaale, na makuhani wakayatunza masalia yake, likiwemo taya lake. Hekalu hilo halikustahimili misukosuko ya vita vya kidini mwishoni mwa karne ya 19. Masalia yakaishia mikononi mwa mmisionari Mwingereza, John Roscoe, na kutoka hapo yakafika Cambridge, Uingereza, kwenye makavazi ya chuo kikuu.

Yalirudi mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, na kupelekwa Makavazi ya Uganda jijini Kampala. Kwa hivyo kwa miongo kadhaa, mtoto wa Mawokota aliyetaka kuona kilichobaki cha shujaa wa babu zake angelazimika kupanda meli hadi Ulaya. Kwenye gemu, magofu hukungoja pale yalipoanguka. Huku kwetu yaling'olewa na kubebwa.

Waliozama ardhini

Kibuuka alikuwa mmoja. Je, kabila zima lililotoweka? Hapo hata huhitaji kuvuka mpaka.

Wakikuyu husimulia kuhusu Agumba, watu wafupi walioishi kwenye mashimo ardhini kabla ya wao kufika, kisha wakapotea. Jomo Kenyatta aliwataja katika Facing Mount Kenya, kitabu cha 1938. Hawa hawakupaa. Wao, kwa mujibu wa simulizi, walizama ardhini.

Upande wa Bonde la Ufa kuna Wasirikwa. Nyanda za juu za magharibi ya Kenya zimejaa mabonyeo ya mviringo ambayo watu huyaita mashimo ya Wasirikwa. Kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa nyumba za watu walioishi chini ya ardhi. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, Nakuru, kuanzia 1937, na utafiti uliokuja baadaye ukaonyesha kwamba mashimo hayo yalikuwa maboma ya ng'ombe. Nyumba zilikuwa kando yake.

Na wenyewe walienda wapi? Wataalamu wengi huona kwamba hawakwenda popote. Walichanganyika na majirani, wakashika lugha nyingine, wakaitwa jina jingine. Damu yao inatembea hadi leo ndani ya Wakalenjin, Wamaasai na wengineo. Kilichopotea ni jina, na lugha iliyolibeba.

Sasa rudi mtaani

Hiyo sentensi ya mwisho isome tena ukiwa Lucky Summer. Ploti moja inaweza kuwa na Mkikuyu, Mluo, Mkamba na Mluhya, na watoto wao wote wanaongea Sheng koridoni. Hilo si baya. Ndivyo mtaa unavyoishi pamoja. Lakini shosho wako ushago anasimulia kwa lugha ambayo wewe unaielewa nusu, na mdogo wako haielewi kabisa. Kwa hiyo ukimpigia, mnaongea dakika mbili: habari ya afya, habari ya mvua, kisha salio linaisha.

Hivyo ndivyo kabila la hadithi linavyotoweka. Halihitaji vita wala mishale. Linahitaji vizazi viwili tu visivyoelewana kwenye simu.

Bahati nzuri, dawa iko mfukoni mwako. Ukienda ushago Desemba hii, au ukimpata mzee hapo hapo kwenye ploti, washa kinasa sauti cha simu. Muulize nani aliishi hapa kabla yetu na walienda wapi, na kama kuna mtu aliyewahi kupaa. Mwache aongee kwa lugha yake. Mahali usipoelewa, mwombe mama au mjomba akufasirie baadaye. Sauti itakuwa ishahifadhiwa.

Kisha ifanyie kitu. Kama unachora, Shujaaz walithibitisha tangu 2010 kwamba katuni ya Sheng ina wasomaji nchi nzima. Kama unasomea kodi, Kibuuka ana kila kitu ambacho gemu linataka: nguvu, masharti na udhaifu mmoja. Na kama huchori wala huandiki programu, msimulie mdogo wako usiku stima zikipotea.

Watu wenye mbawa wa kwenye gemu wana kampuni nzima inayolipwa kuwakumbuka. Hawa wetu wanakutegemea wewe na shosho.